Sekunde Tisa za Tuntufye

Ngo. Kimya. Ngo.

Edina alifumbua macho gizani akasikiliza. Kwanza alidhani ni panya darini, kisha akadhani ni mfuniko wa sufuria unaojikunja kwa baridi, maana Njombe mwezi wa Julai hata chuma kinalalamika. Lakini sauti hii ilikuwa na mpangilio wake: ngo, kimya cha kuhesabu moja mpaka tatu, ngo. Ilitoka kitanda cha pili, mle mle chumbani. Mwanawe Tuntufye alikuwa akigonga ubao wa kitanda kwa kisigino.

"Tuntu? Mama, hujalala? Hujambo?"

Hata hajafunga mdomo, jibu likaja. Sauti ya mtoto wa kike, safi, isiyo na usingizi.

"Sijambo, mama."

Moyo wa Edina ukashuka mahali pake, kama ulivyoshuka kila alfajiri kwa miezi minne sasa. Mtoto aliyezaliwa bila sauti, akaishi miaka sita akisema kwa vidole, leo anaulizwa gizani na anajibu gizani. Angetaka nini tena? Akavuta blanketi mpaka shingoni.

Ngo.

"Unaumwa mahali?"

"Hapana, mama. Lala salama."

Ngo. Ngo.

Kuna kitu kilimkataza kugeukia ukutani. Akashuka, nyayo zikashtushwa na saruji, akapapasa mpaka kitanda cha pili, akaweka kiganja kwenye shavu la mwanawe. Shavu lilikuwa limevimba. Lilikuwa la moto, na limelowa machozi mpaka kwenye foronya.

Na kile kifungo cheusi kwenye kola ya gauni, pale sauti inapotokea, kikasema kwa adabu yake yote: "Asante, mama."

* * *

Jino lilitolewa saa tatu asubuhi. Daktari wa meno aliliinua kwenye koleo, akaligeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Hili limeoza si chini ya wiki tatu. Mtoto hakulalamika?"

Edina alilitazama lile jino. Kila asubuhi kwa hizo wiki tatu alimwuliza mwanawe hujambo, na kila asubuhi alijibiwa. Bibi yake alimwuliza. Mwalimu alimwuliza. Majirani wote wa mtaa, watu ambao hawawezi kumpita mtoto njiani bila kumjulia hali, walimwuliza. Na tangu Tuntufye apate sauti, hakuna aliyekuwa akitazama tena mikono yake.

Alimwacha kwa bibi, shavu likiwa limejazwa pamba, akapanda kwenda karakana.

Karakana ilijengwa juu kabisa, mashamba ya chai yanapoishia, kwa sababu ya upepo wa baridi wa huko. Vichakataji, zile bongo ndogo za mashine, ni viumbe vya joto, na waliojenga walisema afadhali kulipia koti la mfanyakazi kuliko mashine ya kupoza. Edina, kabla hajawa fundi, aliingia pale mara ya kwanza kama mpishi wa kantini. Mchana alisonga ugali wa watu sitini, jioni alikaa dawati la nyuma kwenye masomo ya jioni ya Injinia Luvanda, aproni ikinuka vitunguu, na mtoto asiyelia amelala mgongoni. Siku ya kwanza Luvanda aliuliza darasa: nani mama yake alichuma chai? Karibu wote wakainua mikono.

"Basi mnajua somo tayari," alisema. "Kuna mchumaji wa mkono mwepesi. Mkono wake unakwenda mara mia, kila safari unarudi na chipukizi moja. Kuna mchumaji wa mkono mpana. Wake unakwenda mara ishirini na tano, kila safari unarudi na manne. Jioni kwenye mizani vikapu ni sawa. Sasa niambieni, nani amerudi nyumbani mgongo mzima?"

Ndivyo Edina alivyoelewa kichakataji. Kile kinachopiga mapigo mengi kwa sekunde lakini kwa kila pigo kinatimiza agizo moja, kinatoka jasho. Na jasho la kichakataji ni joto. Karakana ilikitengeneza cha namna hiyo kwanza, wakakiita Swala. Kilisoma mawazo ya maneno kutoka ubongoni na kuyafanya sauti ndani ya sekunde mbili tu. Lakini kichakataji hiki kinalazwa chini ya ngozi, nyuma ya sikio la mtoto. Baada ya dakika ishirini Swala alikuwa anaunguza.

Wakatengeneza cha pili. Mapigo robo ya yale ya Swala, mikono minne kwa kila pigo. Hakina joto hata ukikilaza kwenye kope. Tatizo ni kwamba mikono minne ina njaa. Agizo la pili mara nyingi linangoja jibu la agizo la kwanza, na likingoja, mikono mitatu inakaa imekunjwa. Ili isikae bure, lazima macho yatangulie, yabashiri kinachokuja. Wakakiita Kinyonga, kwa ile hatua yake ya taratibu na yale macho yanayozunguka pande zote.

Hakuna ubaya katika kubashiri. Vichakataji vikubwa vyote duniani hubashiri, kisha huhakiki. Vikikosea, vinaitupa kazi na kuanza upya, na wewe mtumiaji hujui. Ila kwa Kinyonga, kuhakiki ndiko kulikokula muda. Basi kikao kimoja cha jioni, watu wamechoka, mtu mmoja akasema: pale ambapo ubashiri una uhakika mkubwa sana, kwa nini tusikiruhusu kiseme kwanza?

Mtu huyo alikuwa Edina.

Na ni yeye aliyepewa kazi ya kuandaa jedwali la ubashiri. Alizunguka nyumba kwa nyumba na kinasa sauti, akakusanya salamu elfu kumi. Watoto waliulizwa hujambo mara elfu kumi. Walijibu sijambo mara elfu tisa mia tisa themanini na moja. Mtoto mwenye homa alijibu sijambo, kisha baada ya mazungumzo marefu ndipo akasema kichwa kinamgonga. Ndivyo tulivyolelewa. Edina aliandika pembeni mwa jedwali, kwa mwandiko wake mwenyewe wa duara: *Hapa ubashiri ni salama kabisa.*

Sasa alichomeka kipimo kwenye kifungo cha kola alichokuja nacho, akafungua kumbukumbu za wiki tatu. Kwenye kioo palikuwa na mistari miwili. Wa juu ulionyesha alichotaka kusema mtoto. Wa chini, kilichosemwa.

Wa juu: *Ji—*. Wa chini: *Sijambo, mama.* Na kilichofuata *Ji* kilikuwa kimekatwa na kutupwa, kimepewa alama ya takataka.

Akashuka chini. *Ji—*. *Sijambo, mwalimu.* Akashuka. *Mama, ji—*. *Sijambo, mama.* Kulikuwa na mara mia mbili na kumi na saba. Wiki ya mwisho mstari wa juu ulikuwa mtupu. Mtoto alikuwa ameacha kujaribu.

* * *

"Mwalimu," Edina alisema mlangoni, "tumemziba mwanangu mdomo kwa sauti yake mwenyewe."

Injinia Luvanda aliinua uso kwenye makaratasi. Alikuwa mtu mnene, mwenye sweta lililofumwa na mkewe, na hakuwahi kumpokea mtu kwa haraka. "Kaa kwanza, Mama Tuntu. Umekula?"

"Sijala. Soma hii."

Alisoma. Alisoma tena. Kisha akavua miwani akasugua pua.

"Kamati ya idhini inakuja Ijumaa," alisema. "Leo Jumanne. Masharti unayajua kama sala ya Baba Yetu: joto lisizidi nusu digrii, jibu lisizidi sekunde mbili. Swala anaunguza. Kinyonga akibashiri, anapita. Asipobashiri?"

"Sekunde tisa."

"Sekunde tisa! Mama Tuntu, kwetu hapa chai ikichelewa sekunde tisa watu wanaulizana kama kuna msiba. Nani atamsimamia mtoto sekunde tisa ili amwambie shikamoo?"

"Tuongeze mapigo."

"Tukiongeza tunarudi kwa Swala. Unajua hesabu hiyo kuliko mimi." Akagonga karatasi kwa kidole. "Mwanao ni wa majaribio tu. Watoto mia nne na kumi na wawili wako kwenye orodha. Mia nne na kumi na wawili, wote wana vidole tu. Tukipeleka cha sekunde tisa, kamati inakataa, na wanabaki hivyo hivyo, labda miaka. Tukipeleka hiki, wanapata sauti. Ina kosa dogo. Tutalisahihisha kwenye toleo la pili."

"Nani atatukumbusha kulisahihisha?"

"Wazazi watalalamika."

"Watalalamikaje, Mwalimu, wakati kila siku mtoto mwenyewe anawaambia hajambo?"

Nje upepo ulisukuma dirisha, likagota.

"Na kosa si dogo," Edina akaendelea, taratibu sasa. "Akitaka kusema mbwa ni mweusi, Kinyonga hana uhakika, kwa hiyo anamngoja. Akitaka kuomba kalamu, anamngoja. Ameweka uhakika wake wote palepale mtu anapomwuliza mtoto kama yu mzima. Hapo ndipo hamngoji."

"Hata sisi hatungojwi hapo." Sauti yake ilikuwa ya upole, ndiyo maana iliuma. "Mwaka juzi ulimzika mumeo. Nilikukuta kantini wiki iliyofuata, nikakuuliza habari za asubuhi. Ulisema nzuri. Ulikuwa na tofauti gani na Kinyonga?"

Edina aliangalia mikono yake.

"Nililia kwanza stoo, nyuma ya magunia," alisema. "Nikanawa uso. Nikakuona unakuja, nikajiambia, huyu ni mtu mwema, ana kazi nyingi, sitamtwisha. Nikachagua kusema nzuri. Ile nzuri ilikuwa yangu, Mwalimu. Tuntu hakuchagua kitu."

Hatimaye Luvanda alifungua mtoto wa meza, akatoa ufunguo wa mpimaji, kijiti cha fedha kisichozidi kibiriti, kinachozima na kuwasha ubashiri kwa kugusishwa nyuma ya sikio.

"Umeomba bila kuomba," alisema. "Chukua. Mzimie ubashiri, umlete Ijumaa, tuone. Lakini akikaa kimya mbele ya kamati, mimi sitakuwa na la kuwaambia wazazi wale. Utawaambia wewe."

* * *

Bibi Kaselida, mama wa marehemu, ndiye aliyeumia zaidi. Kila Jumapili alikuwa akimpitisha Tuntufye mlangoni mwa kanisa kama mtu anayepitisha gauni jipya, na watu wote walimwamkia mtoto ili tu wasikie anavyoitikia. "Jumuiya nzima wanasema," alipenda kurudia, "mtoto wa Edina ana adabu kuwashinda wenye midomo ya kuzaliwa nayo."

Alielezwa habari ya jino na ubashiri. Alisikiliza amekaza kanga kiunoni.

"Kwa hiyo sasa atachelewa kuitikia."

"Kidogo tu, bibi. Unamwuliza, kisha unamngoja."

"Mtoto asiyeitikia salamu, watu wanasema hana malezi. Hawasemi kichakataji hakina malezi. Wanasema mama yake." Lakini akavuta kigoda, akaketi mbele ya mjukuu wake. "Haya. Hujambo, mjukuu wangu?"

Kimya.

"Hujam—"

"Bibi, subiri."

"Nasubiri! Nimefanya nini? Nilikuwa nakohoa."

Edina alihesabu moyoni. Tisa. Kumi na tano. Thelathini. Tuntufye alikiinamia kifungo kwenye kola yake, akakigusa. Kisha akaegesha shavu lisilo na jeraha juu ya viganja viwili, akainua nyusi: kimelala?

"Hakijalala, mama. Kinakungoja wewe."

Mtoto alimtazama kama anavyotazamwa mtu mzima anayetunga hadithi, akaenda zake uani kucheza.

"Mlimpa," Bibi Kaselida alisema, akisimama. "Mlimpa, halafu mmempokonya."

Jumatano ilipita hivyo. Kila mtu alimwuliza, hakuna aliyejibiwa. Mwalimu wa darasa alipiga simu kuuliza kama kifaa kimeharibika. Usingizi wa Edina ulikuwa wa vipande vipande: akifumba macho anaona watoto mia nne na kumi na wawili wamepanga mstari, wanamwonyesha vidole, akifumbua anaona ule mstari wa juu, mtupu. Alikishika kile kijiti cha fedha mara mbili. Mguso mmoja tu, na asubuhi nyumba ingejaa tena *sijambo*. Mara zote mbili alikirudisha mfukoni.

Alhamisi jioni alirudi akawakuta jikoni, bibi na mjukuu, wanamenya viazi. Bibi Kaselida hakuwa akimtazama mtoto. Macho yote kwenye kisu.

"Hivi viazi tuvipike na nini?" aliuliza.

Ganda refu lilijiviringa likaanguka kwenye beseni. Akachukua kiazi cha pili, akakimenya chote, akachukua cha tatu. Edina alisimama mlangoni bila kuvua koti. Kwenye kola ya mtoto kitu kilikwaruza, kama pumzi inayovutwa kabla ya neno, kisha kikazima. Tuntufye akainamisha kichwa.

"Sina haraka," Bibi Kaselida alikiambia kiazi. "Mimi ni mzee. Ninakwenda wapi?"

* * *

Kamati ilikuwa ya watu watano, na mwenyekiti wao, Daktari Nyoni, alikuwa mama wa makamo, mkali wa macho, aliyetoka Songea kabla ya jua na hakuficha kwamba alitaka kurudi kabla halijazama. Alisoma taarifa yote akiwa na kalamu nyekundu mkononi. Kwenye ukurasa wa joto aliitikia kwa kichwa. Akafika kwenye ukurasa wa muda wa jibu.

Injinia Luvanda alikuwa amesimama mbele ya ukuta wa kuonyeshea picha. Angeweza kusema sekunde moja na nusu. Namba ilikuwa imeandikwa pale, na chini yake sahihi yake. Alifungua mdomo, akaufunga, akavuta sweta lake.

"Namba hiyo ni kweli, Daktari, lakini si kweli yote," alisema. "Iliyobaki ataieleza mwenzangu. Yeye ndiye aliyeiona."

Edina alisimama. Aliongea dakika sita, na hakuficha kwamba jedwali lilikuwa lake na wazo lilikuwa lake. Alionyesha mistari miwili. Alionyesha *Ji—*, mia mbili na kumi na saba. Alipomaliza, mjumbe mmoja alikuwa amefunika mdomo kwa mkono. Daktari Nyoni alikuwa bado ameshika kalamu nyekundu.

"Nimekuelewa, na pole kwa mtoto," alisema. "Lakini darasa lina watoto hamsini na watano. Sharti la sekunde mbili halikutungwa kwa kuonea mtu."

"Lilitungwa kwa ajili yetu tunaouliza, Daktari. Anayejibu hakuulizwa."

"Na nina uhakika gani kwamba huyu anayejibu atajibu? Umesema mwenyewe, siku tatu hajasema neno."

"Huna uhakika," Edina alisema. "Hata mimi sina."

Tuntufye alikuwa amekaa kiti cha mbele, miguu haifiki chini. Ukutani, kwa ajili ya kamati, waliacha sehemu ndogo ya kuonyesha Kinyonga angesema nini kama angeruhusiwa kubashiri. Kile kifungo cha kola hakikuunganishwa nayo.

"Muulize unavyomwuliza mtoto yeyote," Edina alisema. "Kisha nakuomba, dada yangu, usimsaidie."

Daktari Nyoni aliweka kalamu chini. Aliinama mbele kidogo.

"Hujambo, mwanangu?"

Papo hapo maneno yakatokea ukutani: *Sijambo. Shikamoo.*

"Si ndilo jibu lenyewe?" mjumbe mmoja alimnong'oneza jirani yake, na Edina akaingiwa na hofu, maana jino lilikwisha toka, uvimbe umekwisha, na mtoto alikuwa mzima kabisa. Akisema sijambo, watasema, mnataka kutupotezea sekunde saba za nini? Na asiposema kitu je?

Tatu. Nne. Tuntufye alitazama maandishi ukutani, ambayo alikuwa bado hajajua kuyasoma. Akamtazama mama mgeni. Tano. Daktari Nyoni alivuta pumzi ya kurudia swali. Luvanda, kule mbele, akainua kiganja, na Daktari akaiacha pumzi itoke tupu. Saba. Mtu alijikohoza, akaona haya. Tisa. Tisa ikapita. Edina aliukandamiza ufunguo wa fedha mfukoni mpaka ukaacha alama kwenye kiganja, na hakuutoa. Kumi na moja. Vidole vya mtoto vilianza kuinuka kutoka mapajani, kama vilivyozoea tangu zamani, vikakaa hewani kidogo, vikashuka tena.

Kwenye kola kitu kilikwaruza.

Hakuna aliyesogea.

"Leo sijambo," Tuntufye alisema.